Nani Aliyeijenga Shule Yetu?

Ukitaka kuijua historia ya kijiji chochote cha Kenya, usianzie kwa chifu wala kwa wazee wa baraza. Enda kwenye shule ya msingi iliyo karibu, usimame katikati ya uwanja, uyahesabu majengo. Kuna darasa la udongo ambalo siku hizi ni stoo ya majembe. Kuna safu ya madarasa ya mawe, mabati yake yamekula kutu. Kuna karakana isiyokuwa na hata randa moja. Na kuna jengo jipya, limepakwa rangi ya kung'aa, na ukutani limeandikwa jina la mheshimiwa kwa herufi kubwa kuliko zile za jina la shule.

Kila jengo hapo lina enzi yake, na kila enzi ilikuwa na njia yake ya kuitoa shilingi mfukoni mwa mwananchi. Vitabu vya historia tulivyosomea shuleni vilitufundisha vita, mikataba na marais. Lakini nani alileta mchanga? Nani aliuza kuku wake ili dirisha litiwe kioo? Hayo hayakuwa kwenye mtihani. Ndiyo maana nimeona niyaandike hapa, msomaji mpendwa, kabla wale waliobeba mawe hawajaisha wote.

Kabla ya neno kuwa wimbo wa taifa zima

Harambee ni neno la Pwani. Lilikuwa sauti ya watu wa kazi nzito: wachukuzi, mabaharia, wavuta kamba. Mmoja anaita, wenzake wanaitikia na kuvuta kwa pamoja. Wako wanaodai kwamba neno lenyewe lilitoka kwa Wahindi waliojenga reli. Ubishi huo sitauingilia. Jambo moja ni hakika: desturi yenyewe ni kongwe kuliko neno. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, Wakamba mwethya, Waluo saga. Leo tunalima kwako, kesho kwangu. Hapakuwa na mshahara wala risiti, lakini kila mtu alijua nani alikuja na nani alijificha nyumbani akisingizia mgongo.

Shule ilipofika, watu waliitia katika mkondo ule ule. Mwanzoni elimu ilikuwa mikononi mwa wamisheni, na mwananchi alipokea kile alichopewa: kusoma Biblia, kuandika kidogo, na useremala mwingi. Lakini watu walitaka zaidi. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni iliunda mabaraza ya wenyeji, na haukupita muda mrefu kabla mabaraza hayo hayajaanza kutenga pesa za kodi zao wenyewe kwa ajili ya shule zisizokuwa za misheni. Shule ya Kakamega ilifunguliwa 1932, Kagumo 1933, Kisii 1934. Tazama vizuri: mtu anayelipa kodi ya kichwa kwa mkoloni, kodi ambayo tayari inamuuma, anakubali kuongeza nyingine juu yake ili mtoto asome. Hiyo si simulizi ya kutungwa. Watu walijitoza wenyewe.

Halafu ukaja mwaka 1929. Wamisheni katika nchi ya Wakikuyu waliwataka waumini wao waikane desturi ya tohara ya wasichana, na aliyekataa akafungiwa mlango wa kanisa na wa shule pia. Leo tohara hiyo imepigwa marufuku na sheria, na ni vizuri. Lakini wakati ule watu wengi waliona kwamba kiini cha ugomvi ni swali jingine: shule ni ya nani? Kama mgeni anaweza kumfukuza mtoto wangu darasani kwa sababu ya jambo la nyumbani kwangu, basi hilo darasa si langu. Wakaondoka, wakajijengea. Ndipo zikazuka shule huru, nyingine chini ya chama cha KISA, nyingine zikiitwa Karing'a. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma katika moja ya hizo za Karing'a, pale Manguo, Limuru.

Kuta za shule hizo zilikuwa za udongo, paa la nyasi, na mwalimu alilipwa kwa kile kilichopatikana. Mwezi wa mavuno alikula vizuri, mwezi wa njaa alifunga mkanda pamoja na wanafunzi wake.

Mashindano ya rika

Shule hizo zilihitaji walimu, na walimu hawaokotwi porini. Tarehe 7 Januari 1939 kikafunguliwa chuo cha walimu cha Githunguri, mkuu wake akiwa Peter Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka Marekani na shahada zake. Hapo ndipo tunaiona harambee kamili, ingawa jina hilo halikuwa bado limekaa midomoni mwa watu.

Pesa za Githunguri zilichangwa kwa rika. Kila rika, yaani watu waliotahiriwa kipindi kimoja, lilikusanya mchango wake, na marika yakashindana. Ebu fikiria akili ya mpango huo. Ukimwambia mzee mmoja mmoja atoe, atakwambia ng'ombe ni mgonjwa. Lakini ukimwambia kwamba rika la wadogo zake limeshatoa kuliko la kwao, usiku huo halali. Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946 na kuchukua uongozi wa chuo mwaka uliofuata, alikuta chombo hicho kikifanya kazi, naye akakitumia kweli kweli.

Akina mama nao hawakubaki nyuma. Walichanga kivyao, wakasimamia ujenzi wa bweni la wasichana. Wakati huo mwanamke alikuwa hana hati ya shamba wala akaunti ya benki. Pesa yake ilitoka kwenye kikapu cha sokoni: maharagwe, ndizi, mayai. Bado bweni likasimama.

Likasimama, lakini si kwa muda mrefu. Oktoba 1952 mkoloni alitangaza hali ya hatari. Shule huru zikafungwa. Chuo cha Githunguri, kile kilichojengwa kwa mayai ya akina mama na mashindano ya marika, kikageuzwa mahali pa kuwafungia na kuwanyongea watu. Mimi nikifika hapo katika kusoma, huwa nakifunga kitabu kwanza. Mtu aliyebeba jiwe lile mwaka 1947 ili mwanawe awe mwalimu, miaka michache baadaye huenda mwanawe huyo huyo aliletwa hapo kwa pingu.

Kijiji kijenge, serikali ilete mwalimu

Tarehe 1 Juni 1963, siku ya Madaraka, Kenyatta alilichukua neno la wachukuzi wa Pwani akalifanya mwito wa nchi. "Harambee!" Umati ukaitikia. Na watu hawakuitikia kwa mdomo tu. Katika miaka iliyofuata nchi ilijaa shule, zahanati, majosho ya ng'ombe na mabomba ya maji yaliyojengwa kwa mchango wa wananchi. Sekondari za harambee zikaota kama uyoga baada ya mvua.

Watu wengi husema kwamba hiyo ilikuwa roho ya uzalendo. Sikatai. Lakini watu wetu si wajinga, na uzalendo peke yake haubebi mawe mlimani. Kulikuwa na hesabu ndani yake. Serikali changa haikuwa na pesa za kumpelekea kila mtu shule, lakini ilikuwa na kawaida moja: mahali palipokuwa na darasa tayari, na watoto wamekaa ndani, ilikuwa vigumu kwake kukataa kuleta mwalimu. Baada ya Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, kuundwa mwaka 1967, mwalimu akawa analipwa kutoka Nairobi. Basi kijiji kikajua: sisi tujenge haraka, kabla wale wa ng'ambo ya mto hawajajenga, halafu tuiachie serikali mzigo wa mshahara. Harambee ilikuwa kama ndoano. Chambo kilikuwa kuta nne na paa la mabati, na samaki alikuwa mwalimu.

Na hayo mabati yenyewe yana historia yake. Katika miaka ya sitini, wanawake wa Mkoa wa Kati walianzisha vikundi vilivyoitwa vya mabati. Walilima vibarua pamoja, wakaweka pesa pamoja, wakaezekeana nyumba kwa zamu ili waache kuvujiwa na nyasi. Kwa hiyo kijiji kilipoitwa kuezeka shule, akina mama walikuwa tayari wanajua bei ya bati, wanajua duka lisilopunja, na wanajua nani katika kikundi ni mwaminifu wa kushika pesa. Shule ya msingi ilijengwa juu ya ujuzi huo. Nyanya yangu ni mmoja wa kizazi hicho, na mpaka leo ukimtajia bati anakuuliza kwanza ni geji gani.

Siku yenyewe

Kwa wale ambao hawajawahi kuhudhuria harambee ya shule ya zamani, hebu niwaeleze kama nilivyosimuliwa na wakubwa, kisha nikajionea mabaki yake.

Kazi ilianza miezi kadhaa mbele. Kamati ya shule inapiga chapa kadi, na kila kadi ina mistari ya kuandika jina na kiasi. Kadi hizo zinapewa watoto wa kijiji wanaofanya kazi mjini, na hao nao wanazizungusha ofisini na viwandani. Karani wa Mombasa anachangia darasa la Bungoma ambalo hatawahi kuliona, kwa sababu anajua mwezi ujao atakuja na kadi ya kwao Taita, na yule wa Bungoma hataweza kukwepa.

Siku ikifika, turubai linafungwa uwanjani. Viti vya sofa vinaazimwa kutoka nyumba za walimu kwa ajili ya mgeni wa heshima. Watoto wanaimba, mwingine anakariri shairi la kumsifu mgeni, na mgeni anachelewa. Halafu meza inawekwa mbele na mchango unaanza. Mwenye kipaza sauti anasoma jina na kiasi: fulani bin fulani, shilingi ishirini. Makofi. Mama fulani, shilingi tano na kuku. Makofi zaidi.

Kuku huyo sasa ndiye utamu wenyewe. Anapigwa mnada. Mtu ananunua kwa bei ya mbuzi, kisha anamrudisha mezani auzwe tena. Kuku mmoja anaweza kuuzwa mara tano, sita, mpaka yeye mwenyewe anachoka kupiga kelele. Mkungu wa ndizi vile vile. Yai moja linaweza kumaliza nusu saa. Watu wanacheka, na wakicheka mifuko inalegea.

Mwishoni kabisa anasimama mgeni wa heshima. Anasema maneno yale yaliyokuja kuwa maarufu nchi nzima: "Mimi na marafiki zangu..." Marafiki hao huwa hawatajwi majina. Bahasha inatoka, jumla inasomwa, vigelegele vinapaa.

Mimi nadhani siri yote ya harambee ilikuwa katika kusoma majina kwa sauti. Wako wanaosema kwamba huko kulikuwa kuwaaibisha maskini, na kweli wengine waliaibika. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, lakini mwenye kipaza sauti hakupima moyo, alisoma tarakimu. Hata hivyo kusoma huko kulikuwa na faida moja kubwa. Kila mtu alisikia kiasi gani kimeingia. Ukisikia kwa masikio yako kwamba zimepatikana elfu nane, na baada ya miezi sita unaona msingi tu, unajua pa kuuliza. Kijiji kizima kilikuwa mkaguzi wa hesabu.

Bure iliyokuwa na bei

Sasa tuje kwenye kitendawili cha elimu yetu. Desemba 1973, siku ya Jamhuri, Kenyatta alitangaza kwamba karo imeondolewa kuanzia darasa la kwanza hadi la nne. Wazazi wakashangilia. Mwaka 1973 shule za msingi zilikuwa na watoto kama milioni 1.8. Mwaka 1974 wakapita milioni 2.7. Watoto walikaa chini ya miti, juu ya mawe, watano kwenye dawati la wawili.

Wakae wapi? Serikali haikutoa pesa za madarasa mapya. Kamati za shule zikageukia mlango ule ule wa siku zote: mzazi. Ukaletwa mchango wa majengo, na katika sehemu nyingi mchango huo ukawa mkubwa kuliko karo iliyoondolewa. Fikiria mzazi aliyemwingiza mtoto shule Januari kwa sababu ni bure, halafu anaambiwa bila pesa ya majengo mtoto asirudi. Wengi hawakurudi. Walioshangilia Desemba wakawa wanaficha nyuso zao kabla mwaka haujaisha.

Hapo ndipo harambee ilipobadilika tabia. Zamani ulitoa ukashangiliwa. Sasa usipotoa, mtoto wako anafukuzwa. Naibu wa chifu akaanza kupita nyumba kwa nyumba na daftari. Palikuwa na sehemu ambapo aliyekosa alichukuliwa kuku au mbuzi, na aliyehitaji barua ya chifu kwa shughuli zake aliulizwa kwanza risiti ya harambee iko wapi. Kitu kilichokuwa hiari kikawa kodi, tena kodi mbaya, kwa sababu kodi ya kweli humtazama mtu kipato chake. Hii haikumtazama. Mjane na mwenye duka waliandikiwa kiasi kimoja.

Mzee Kenyatta alifariki Agosti 1978, na Rais Moi akaendeleza safari. Mwaka 1979 yakaanza maziwa ya bure kwa watoto wa shule za msingi, maziwa ya Nyayo, katika zile pakiti za pembe tatu. Waliosoma wakati huo, mkiwataja maziwa hayo, sura zao zinakunjuka kama za watoto.

Karakana

Kisha ukaja mwaka 1985 na mfumo wa 8-4-4. Shule ya msingi, iliyokuwa ya miaka saba, ikawa ya miaka minane. Maana yake nini kwa mwananchi? Kila shule ya msingi nchini ilihitaji darasa moja zaidi, na kwa haraka, maana wanafunzi wa darasa la nane wa kwanza walikuwa wafanye mtihani wa KCPE mwaka huo huo. Juu ya hayo mtaala ulitaka ufundi, sanaa na sayansi kimu. Kwa hiyo karakana, na chumba cha kupikia na kushonea. Nani ajenge? Unajua jibu.

Wazazi wakajenga. Kila mzazi alete kiasi fulani cha mawe, debe la mchanga, siku kadhaa za kazi, na pesa juu yake. Wanaume mara nyingi walitoa pesa walizonazo wakaenda zao. Wanawake ndio waliobeba maji kutoka mtoni ili fundi akoroge simiti, wakaponda kokoto kwa nyundo, mtoto mgongoni. Kazi hiyo haikuandikwa kwenye kadi yoyote. Kwenye jumla iliyosomwa mbele ya mgeni wa heshima, ndoo ya maji ilikuwa sifuri.

Mtaala ulipokuja kupunguzwa mapema katika miaka ya 2000, karakana nyingi zilikosa kazi. Popo wakahamia. Sijawahi kusikia mtu amewaomba radhi wale wazazi.

Mgeni wa heshima ala harusi

Mnamo miaka ya themanini na tisini mgeni wa heshima alikua akawa mkubwa kuliko harambee yenyewe. Mwanasiasa hakuulizwa tena amesema nini bungeni, aliulizwa ametoa ngapi. Kwa hiyo alitoa, na kabla hajatoa ilimbidi apate. Alipata wapi? Mshahara wa mbunge hauwezi kujenga madarasa kila Jumamosi. Jopo lililoundwa na serikali mwaka 2003 kuichunguza harambee lilionyesha jambo ambalo mama mboga alikuwa analijua siku nyingi: michango ya wanasiasa ilipanda sana karibu na uchaguzi, mwaka 1992 na tena 1997. Kisha ikashuka, kama mto wa msimu.

Tafsiri yake ni chungu. Pesa iliyotoka kwenye bahasha ya mheshimiwa mara nyingi ilikuwa ya umma. Yaani mwananchi aliibiwa Nairobi, halafu akarudishiwa kidogo kijijini, akapiga makofi na kumchezea ngoma aliyemrudishia. Na zile ahadi! Mtu anaahidi laki mbele ya kamera, hundi inafika benki na kurudi mikono mitupu. Shule inabaki na msingi uliochimbwa, mvua inaujaza maji, vyura wanapata makao.

Ukitazama vibao vya mawe ya msingi katika shule zetu utaona majina ya wageni wa heshima. Sijaona hata kibao kimoja kilichoandikwa jina la mama aliyeponda kokoto.

Mwaka 2003 na baada yake

Januari 2003 serikali mpya ya Rais Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi. Watoto wakaongezeka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alivaa soksi ndefu na kaptula akajiandikisha darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret. Safari hii serikali ilitoa pesa: shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, zikiingizwa katika akaunti mbili za shule, moja ya vitabu na moja ya matumizi mengine. Mwaka huo huo ikaja sheria ya maadili ya watumishi wa umma, iliyowabana wasitumie vyeo vyao kukusanya harambee, na ikaja hazina ya maeneo bunge, CDF, iliyotengewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali.

Mimi ni mtoto wa enzi hiyo. Niliingia darasa la kwanza wakati neno "bure" lilikuwa limeshazoeleka. Nasema kweli, bila hatua hiyo wengi wa kizazi chetu tusingeshika kalamu, na hata hili gazeti lingekosa waandishi. Lakini bure yetu pia ilikuwa na mlango wa nyuma. Kulikuwa na pesa ya mlinzi, pesa ya mtihani, pesa ya mwalimu aliyeajiriwa na wazazi kwa sababu wa TSC hawatoshi. Ukikosa, unatumwa nyumbani "kumwita mzazi". Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mtoto asinyimwe masomo kwa sababu ya malipo. Sheria ilikuwa kwenye karatasi, sisi tulikuwa njiani, viatu mkononi.

Na CDF? Ilijenga, hilo halina ubishi. Mgala muue na haki yake mpe. Lakini ilituachia tabia mpya. Mzazi alipoacha kuchanga jiwe, aliacha pia kuuliza. Darasa likajengwa na mkandarasi asiyejulikana, kwa bei isiyotangazwa, na ukuta ukipasuka baada ya mwaka mmoja watu wanasema "si ni ya CDF". Hakuna aliyesimama na kipaza sauti akasoma: simiti mifuko kadhaa, bei kadhaa, duka fulani. Tuliondolewa mzigo, na sikio letu likaondolewa pamoja na mzigo. Mwaka 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya hazina hiyo inakiuka katiba, na mjadala mzito ukaanza kuhusu nani ajenge na kwa pesa zipi.

Mwaka huo huo wa 2024, vijana walipoingia barabarani mwezi wa Juni, moja ya malalamiko yao lilikuwa mamilioni yanayobebwa na viongozi kwenda kwenye michango. Julai Rais Ruto akapiga marufuku maofisa wa serikali kushiriki harambee. Wazee walicheka kidogo. Walikuwa wamesikia marufuku za namna hiyo tangu zamani.

Wakati huo harambee ya watu wadogo haikufa. Imehamia kwenye simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, kadi ya karatasi imekuwa kikundi cha WhatsApp. Waliomaliza pamoja darasa la nane wanatafutana, wanaweka namba ya kutuma pesa, na kila jioni mweka hazina anabandika orodha: jina, kiasi, jumla. Anayekawia anataniwa. Naona ni mashindano ya rika ya Githunguri yamerudi, ila bila ngoma.

Tufanye nini sasa?

Mimi si mtaalamu wa elimu. Nilimaliza kidato cha nne, na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Lakini nikiipanga historia hii mstari mmoja mmoja, naona wananchi walitoa kwa furaha pale mambo matatu yalipokutana: waliamua wenyewe kinachojengwa, walisikia kila senti ikisomwa, na mtu maskini angeweza kutoa kazi ya mikono ikahesabiwa kuwa kitu. Walitoa kwa uchungu pale moja kati ya hayo lilipoondolewa. Na mtoto aliumia kila mara mchango ulipofungwa na kiti chake darasani.

Kwa hiyo kujenga shule iwe kazi ya kodi, maana kodi ndiyo harambee kubwa kuliko zote, na hata anayenunua kiberiti ameichangia. Lakini desturi ya kusoma majina tusiizike. Pesa ikija kutoka Nairobi au kaunti, isomwe uwanjani kama ilivyosomwa shilingi tano na kuku wa mama fulani. Ndugu msomaji, shule uliyosomea ina daftari la zamani mahali fulani, kwenye kabati la mwalimu mkuu au chini ya godoro la mweka hazina mstaafu. Litafute kabla ya mchwa. Yaandike majina yaliyomo, hasa ya wale waliotoa kidogo. Na waulize wazee ni nani waliobeba maji, uwaongeze mwishoni, kwa sababu hao hawamo.